UZI: Basi la mazishi linafika Murang'a, Siaya haliendi. Wakristo wa Nakuru tuongee kabla ya 2027

Mzee_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Naandika nikiwa Nakuru, upande wa Kaptembwo. Kanisa silitaji, na mnaonijua nawaomba msilitaje. Wakikuyu ndio wengi, kisha Waluhya, Wakisii, Waluo, Wakalenjin na wengineo. Jumapili ukipita nje utadhani mbingu imeshuka. Mahubiri ni Kiswahili, kwaya inaimba kwa lugha nne, watoto wanakimbizana uani bila kujua nani ni wa nani.

Shida iko kwenye daftari la rambirambi.

Kwa wasiojua utaratibu: kila mshirika anatoa kitu kidogo kila mwezi. Ukifiwa, kanisa linakuja kwako kwa maombi kila jioni, linakupa mchango, halafu linakodi basi la kupeleka watu mazishini. Basi ndilo jambo lenyewe. Pesa zitaliwa na mochari na jeneza, lakini basi likiingia kwenye boma limejaa washirika wenye vitambaa shingoni wakiimba, hata majirani wa huko nyumbani wanajua marehemu alikuwa na watu mjini.

Juzi mwekahazina alikuwa mgonjwa, daftari nikashika mimi. Nikapekua nyuma. Mazishi ya Ol Kalou: basi. Nyahururu: basi. Bahati: basi na gari la matatu juu yake. Murang'a: basi. Hadi hapo ni upande wa Wakikuyu. Halafu nikafika Siaya, kwa Waluo: "wawakilishi wawili". Busia, kwa Waluhya: "wawakilishi wawili". Nyamira, kwa Wakisii: "mchango umetumwa".

Nikauliza kikaoni. Nikajibiwa, ni umbali, mzee. Jamani! Kutoka hapa Nakuru, Murang'a si karibu kuliko Kisumu. Siaya iko mbele ya Kisumu, nakubali, lakini huo umbali wa ziada si wa kugeuza basi zima liwe watu wawili.

Na hakuna aliyewahi kukaa chini akasema hawa tuwabague. Ingekuwa chuki, ningejua pa kuikemea. Wanaopanga basi ni watu wema ambao mtu akizikwa Ol Kalou ni kama anazikwa kwao. Akifa mtu wa Siaya wanasikitika kweli na wanaomba kweli, ila hakuna anayeamka saa tisa usiku kumpigia mwenye basi.

Nikarudi kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza kabisa, Yerusalemu, watu bado wanauza mashamba na kugawana, na tayari kuna manung'uniko: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuandaa mahubiri ya umoja. Walisema chagueni watu saba. Soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani, na huyo Nikolao hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Yaani upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa stoo, na wajane wa Waebrania nao wakala kutoka mikono hiyo hiyo.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Sisi wa huku tunajua mwaka wa uchaguzi unavyokuwa. Warsha za amani zitakuja, fulana zitagawiwa, tutashikana mikono tuimbe. Mimi nataka tuongee upendo wa kushikika. Kanisani kwenu daftari linasomaje?

Nimeleta_Kiti

Nimeleta kiti na njugu. Endeleeni.

Karani_wa_Bahati

Mzee, kwa heshima zote, hapa umechokoza nyuki.

Nimekuwa kwenye kamati ya mazishi ya kanisa letu kwa miaka. Basi halikodishwi kwa imani. Kuna dizeli, kuna dereva, kuna kulala. Ol Kalou mnatoka alfajiri, jioni mko nyumbani. Siaya au Busia ni mkesha, mazishi ni kesho yake, wageni walale wapi? Ukipeleka watu wengi umemwongezea mfiwa mzigo, anaanza kutafuta magodoro badala ya kulia.

Pili, wenzetu wana vyama vya kwao. Mtu wa Ugenya akifa hapa mjini, watu wa kwao wamekodi gari kabla kanisa halijamaliza sala ya kwanza. Mara nyingi familia yenyewe inasema asanteni, msijisumbue.

Tatu, na hili ndilo zito: ukianza kuhesabu mabasi kwa kabila, kesho watahesabu wazee wa kanisa, kesho kutwa watahesabu nani alitoa sadaka kiasi gani. Kuna mambo kanisa linaishi nayo kwa kutoyahesabu.

Mzee_wa_Zamu

Karani, la kulala umenishinda, nakupa. La tatu silikubali. Tayari wanahesabu, ila wanahesabia nyumbani kwao usiku.

Na nikuulize kitu kuhusu Antiokia. Wagalatia 2. Petro alikuwa anakula meza moja na watu wa mataifa bila shida yoyote. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, yaani watu wa nyumbani, akaanza kujitenga polepole, na Barnaba naye akafuata. Petro hakubadili imani, aliogopa tu kuonekana. Sasa kwetu hao wageni hufika kila miaka mitano, na huja na magari yenye vipaza sauti. Kama kwa siku za kawaida basi haliendi Siaya, mwaka huo je?

Sauti_ya_Pili

Mimi ni wa hiyo "familia yenyewe inasema msijisumbue".

Karani, nakuheshimu, najua hujasema kwa ubaya. Lakini unajua kwa nini tunasema hivyo? Nilipompoteza mama, mzee mmoja alinipigia, akaanza na bei ya dizeli. Nikamwambia msijisumbue, Mungu awabariki. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ni heshima yangu niliyokuwa naokoa, si pesa zenu.

Tena niseme la Oktoba 2025, kwa sababu watu wanalizunguka. Baba, yaani Raila Odinga, alipofariki tarehe 15 kule India, asubuhi hiyo hiyo kwenye kundi la WhatsApp la kwaya mtu aliweka kichekesho. Sitakirudia. Chini yake wakaweka vicheko watu ninaosimama nao bega kwa bega kila Jumapili, watu ninaojua pumzi zao zinaingia wapi kwenye wimbo. Si lazima umpende Raila ndiyo unipende mimi. Babangu mzazi alimpigia kura maisha yake yote na alimlalamikia maisha yake yote. Lakini nyumba yetu ilikuwa na msiba, na wao walikuwa wanacheka mlangoni.

Nina kibanda cha samaki karibu na stejini. Mbele yangu kuna mama wa Kinangop, Mkorino, kilemba cheupe, anauza viazi. Kura yake najua ilikwenda wapi, hajawahi kunificha. Siku ile hakunitumia ujumbe wowote. Alinijia nyumbani, akachukua ufunguo, akafungua kibanda changu na kuuza siku nzima. Huyo mama hajawahi hata kuonja omena. Alizipima kwa kikombe cha chai kwa sababu hakuona kopo langu, na bei alikuwa anawauliza wateja! Jioni akaniletea pesa kwenye mfuko wa unga. Hasara tupu. Zile za kilo nzima zilikuwa zimeuzwa kwa bei ya nusu. Nilicheka mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kwaya nilirudi baada ya muda. Aliyeweka kichekesho hajawahi kusema neno. Tunaimba.

Fundi_Mabomba

Dada, hapo kwa kikombe cha chai nimecheka na machozi yakanitoka. Huyo mama apewe uzee wa kanisa, hata kama si la kwenu.

Mkimbizi_08

Nimewasoma na basi lenu. Mimi nina habari ya mlango.

Sisi tulikuwa upande wa Kuresoi. Babangu alichomewa nyumba Molo 1992, akahama, akaanza upya. Mimi ikanipata baada ya kura ya Desemba 2007. Tukalala uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, familia kwa familia, turubai kwa turubai. Mei 2008 serikali ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani. Ukirudi unapewa shilingi 10,000 za kuanzia, na 25,000 za kujenga nyumba iliyoteketezwa. Kuna waliorudi. Mimi sikuweza. Nikajiunga na wenzangu, tukanunua vipande vidogo, nikajenga huku chini.

Miaka kadhaa baadaye makanisa yakaandaa siku ya maridhiano kule kwetu. Tukapelekwa kwa gari. Mbuzi akachinjwa, maaskofu wakaomba, tukaambiwa kila mmoja amkumbatie jirani yake wa zamani. Wapiga picha walikuwepo. Wangu nikampata, nikamkumbatia, na sikumkumbatia kwa unafiki. Ni mtu tuliyewahi kukamulia ng'ombe pamoja.

Kisha tukaenda kwake kunywa chai. Stoo yake ya mahindi ina mlango wa chuma wa samawati. Juu ya kitasa kuna herufi mbili zimechomelewa. Ni herufi za mke wangu. Nilizichomelea mwenyewe, moja imepinda kwa sababu umeme ulipotea katikati ya kazi.

Sikusema kitu, naye hakusema. Chai ilikuwa nzuri.

Wapendwa, kumsamehe nimemsamehe. Akipita kwangu ana kiu nitampa maji. Ninachouliza ni hiki: katika warsha zote nilizokalishwa, aliyepoteza alifundishwa kusamehe. Sijaona hata moja ambapo aliyechukua alifundishwa kurudisha. Na Biblia ina Zakayo. Yesu hakumdai kitu. Alijialika kwake tu, na Zakayo mwenyewe akasimama akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Ni hapo ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba ile. Mimi mara nne sitaki. Nataka mlango.

Bonde_Huru

*Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi.*

Msimamizi

Anayetaka kutukana makabila kuna majukwaa mengine. Hapa hapana. Endeleeni.

Mwalimu_Mstaafu_Njoro

Nimefundisha huku tangu enzi za chaki ya kuvunja vidole, hivyo niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Mnazungumza kana kwamba makanisa yetu yalianza bila kabila, kisha siasa ikayaharibu. Siyo.

Wamisionari waligawana nchi. Wapresbiteri wa Skotlandi walishika Kikuyu. Marafiki, hawa tunaowaita Wakweka, walifika Kaimosi 1902 wakawapata Waluhya. Waadventista walianza Gendia 1906, wakaenea Luo Kusini na Kisii. African Inland wakachukua Ukambani na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa. Biblia zikatafsiriwa kwa lugha za huko huko. Ndiyo maana hata leo mtu akikutajia dhehebu lake, nusu ya jina la ukoo wake umeshalijua. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini ndivyo msingi ulivyochimbwa.

Kisha kuna Nakuru. Huu ni mji wa reli na mashamba ya walowezi. Walikuja vibarua kutoka kila upande, na kila mmoja akaja na kanisa la kwao mfukoni. Kwa hiyo Nakuru si mji ambao makabila yalichanganyika kanisani. Ni mji ambao makanisa ya makabila yalipangana mtaa mmoja. Kanisa kama la Mzee, lenye watu wa kila kona, si la kawaida sana. Na hata hilo angalieni daftari lake.

Sasa mapigano ya kikabila yaliyofuata tunayajua. 1992 Molo, Januari 1998 hapa Njoro kwetu, kisha 2008. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomewa ndani, wengi wao kina mama na watoto. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa nchi nzima kuwa 1,133. Na Februari mwaka huo huo Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande. Mimi nilikiheshimu kile kikao. Ni mara chache mtu mzima anasema hivyo mbele ya waandishi wa habari.

Lakini nataka vijana wajue walikuwepo wengine. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki aliongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996. Mkamba, si wa upande huu wala ule wa mapigano. Wakati serikali inasema haya ni magomvi ya wanakijiji, yeye alisimama akasema kuna mkono nyuma yake. Na kule Eldoret kulikuwa na Askofu Alexander Muge wa Anglikana. Huyu alikuwa Mnandi, na rais wakati huo alikuwa Mkalenjin mwenzake. Aliikemea serikali ya mtu wa kwao juu ya unyakuzi wa ardhi. Alikufa barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya asikanyage huko.

Kuwakemea wa upande wa pili hata mlevi anaweza. Muge aliwakemea wa kwao. Hicho ndicho kipimo ninachomwekea mchungaji yeyote anayeniambia anapenda watu wote.

Karani_wa_Bahati

Mwalimu, asante kwa somo. Dada wa kwaya, pole. Sikujua simu ilianza na bei ya dizeli.

Kijana_wa_58

Wazee wetu, niaje.

Mnasema 2008 nami nilikuwa chekechea. Yangu ni Juni 2024. Tulipotoka kupinga Mswada wa Fedha hatukuulizana kabila. Nilikuwa Kenyatta Avenue na jamaa ambaye hadi leo simjui jina la pili, alinishika mkono moshi ukiwa umenipofusha macho, akanivuta hadi kwenye duka. Mwenye duka ni Mhindi, akafunga mlango na kutupa maji. Tarehe 25 wenzetu waliuawa. Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani na kovu, nikakuta mahubiri ni Warumi 13, kutii mamlaka. Rafiki zangu wawili hawajarudi tangu siku hiyo, na sina la kuwaambia.

Kwa hiyo nikisikia amani, amani, upendo, upendo, mimi huuliza nani anaambiwa anyamaze. 2013 tuliambiwa tukubali matokeo ya urais tusonge mbele. 2017 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo tarehe 1 Septemba, na bado wengine walitaka tunyamaze kwa ajili ya amani. Mzee wa mlango hapo juu amesema kile kile.

Lakini niwape pongezi pale panapostahili. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alirudisha pesa ambazo Rais alikuwa ametoa kwa parokia ya Soweto. Siku hiyo nilimtumia mamangu ile taarifa bila kuandika kitu chochote. Akajibu "Amina".

Kwenu kina Mzee, harambee ya 2027 ikija na mheshimiwa na bahasha, mtaipokea? Kwa sababu hiyo bahasha ndiyo itapanga basi liende wapi.

Mzee_wa_Zamu

Kijana, umenibana. Paa letu la ukumbi wa vijana lilitoka kwa bahasha ya namna hiyo, na aliyetoa alipewa kipaza sauti, na aliyosema juu ya upande wa pili sikuyapenda. Tulipiga makofi. Jibu la mwakani sina peke yangu, ila swali nitalipeleka mezani kama ulivyoliandika.

Mtumishi_Mnyenyekevu

Amani ya Kristo. Mimi ni mchungaji, si wa Nakuru mjini. Naomba nipinge mambo mawili kwa upole.

La kwanza dogo. Mzee, majina ya Kiyunani si ushahidi kamili. Filipo mwingine, yule mtume, na Andrea walikuwa Wayahudi wa Galilaya na majina yao ni ya Kiyunani. Inawezekana sana saba wale walitoka upande uliolalamika, wafafanuzi wengi wanaona hivyo, lakini Luka hakuandika. Usijenge katiba ya kanisa juu ya orodha ya majina.

La pili ni kubwa. Naona uzi mzima upendo umegeuka kamati, daftari, mlango, bahasha. Ni kweli Yohana anasema tusipende kwa neno, wala kwa ulimi, bali kwa tendo na kweli. Lakini Bwana alisema wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi, na akatoa sababu: Baba yenu huwaangazia jua lake waovu na wema. Jua halingoji daftari lisawazishwe. Msamaria alitoa mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili, na wale wanyang'anyi hatuambiwi walikamatwa. Ukisema nitampenda mlango ukirudi, umesema jambo ambalo hata watoza ushuru wanaweza.

Mzee wa mlango, nisamehe nikisema hivi. Sijapoteza ulichopoteza.

Mkimbizi_08

Mchungaji, hujanikosea. Ila soma tena. Sikusema nitampenda mlango ukirudi. Nilimkumbatia mlango ukiwa umening'inia nyuma yake. Nilichosema ni kwamba mnahubiria upande mmoja. Mhubirie na yeye hiyo ya jua, umwambie pia na ya Zakayo. Yuko kanisani kila Jumapili, anakaa safu ya tatu.

Mtumishi_Mnyenyekevu

Hilo sina jibu lake. Umesema kweli.

Mama_Mboga_Rhonda

Mimi sijui Kiyunani. Niseme ya sokoni.

2008 iliingia kwa simu. Ujumbe mfupi: watu fulani wanakuja usiku, tayarisheni. Jirani zetu nao walikuwa wamepokea huo huo, umegeuzwa majina. Sote tukakesha na mapanga tukingoja watu ambao nao walikuwa wanakesha wakitungoja sisi. Siku hizi inakuja kwa sauti iliyorekodiwa na video za zamani. Kwa hiyo kwenye chama chetu tumewekeana sharti: mtu akipata habari kwamba kabila la fulani limefanya kitu, kabla hajaituma mbele ampigie mwanachama wa kabila hilo na kumuuliza. Asubuhi, mchana, usiku wa manane, piga. Ukituma bila kupiga, faini, na faini inakwenda kwa huyo ambaye hukumpigia. Wamekasirika nayo wengi lakini wanalipa.

Na kitu kingine, tunazungusha nyumba za kukutania. Kila mwezi kwa mwingine. Ukishakunywa chai kwa mtu na kutumia choo chake, video ya mjinga fulani inakuwa ngumu kuiamini. Chai yenyewe kwa Wakisii ndiyo nzuri, hilo nalisema bila upendeleo.

Fundi_Mabomba

Faini inakwenda kwa ambaye hukumpigia! Mama, hiyo naiba leo.

Karani_wa_Bahati

Nimelala na huu uzi. Nimeandika pendekezo la kanisa letu, likosoeni:

Kanisa litatoa kiwango kimoja cha usafiri kwa kila mazishi, pawe Bahati au pawe Busia. Kama basi ni ghali kuliko kiwango, washirika wanaokwenda watachangia kilichobaki, si mfiwa. Mfiwa hataulizwa kama anataka basi. Ataulizwa siku na saa tu. Penye mkesha, wageni wa kanisa watabeba mablanketi yao na chakula chao. Na simu ya kwanza kwa mfiwa haitataja pesa.

Mzee, lako la stoo sijaliweka. Mchungaji amelitilia mashaka na mimi sitaki viti vya kabila kwenye kamati.

Mzee_wa_Zamu

Karani, hii nainakili kama ilivyo. Hasa pale pa kutomuuliza mfiwa. La stoo bado nalishikilia, majina yawe ushahidi au yasiwe. Sheria nzuri mikononi mwa watu wale wale watakumbuka wale wale. Dada wa kwaya, ungekubali kuwa mwekahazina wa rambirambi? Nauliza kwa moyo safi.

Sauti_ya_Pili

Mzee, hapana. Na sikatai kwa hasira.

Ukiniweka pale kwa sababu mimi ni Mluo, siku basi likienda Siaya watasema ni kwa sababu yangu, na siku lisipokwenda watu wetu watanilaumu mimi. Msinifanye ushahidi kwamba mmebadilika. Mkihitaji mwekahazina anayejua hesabu, nina samaki wa kunithibitishia, njooni mniulize kwa hilo. Kwa sasa ninachotaka ni kidogo: yule aliyeweka kichekesho aniambie kitu. Hata "habari ya asubuhi" kwa sauti ya kawaida nitaanzia hapo.

Wa_Lodwar_Mjini

Samahani, nimesoma kutoka juu hadi hapa. Mmetaja Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, Waluo, Wakalenjin, Mkamba, Mnandi, hadi Mhindi mwenye duka. Sisi Waturkana tuko Nakuru hii, tunalinda mageti yenu usiku, na ibada ya kwanza sisi ndio tunafungua kanisa kwa sababu tumetoka zamu. Sijaona jina letu.

Karani, kwenye pendekezo lako, Lodwar iko? Ni siku nzima njiani, na zaidi ya hapo kwetu bado ni mbele.

Karani_wa_Bahati

Ndugu, pole kwa hilo, na asante. Nilikuwa nimeandika "pawe Bahati au pawe Busia". Nimefuta Busia nimeandika Lodwar. Kiwango ni kile kile. Basi huenda likawa matatu, na wa kwenda watakuwa wachache, lakini litatoka.

Wa_Lodwar_Mjini

Sawa. Na hiyo kamati ambayo dada ameikataa, mimi sijaikataa. Kikao chenu ni lini, Mzee? Nadhani mimi ni wa kanisa lako. Geti la pili, mkono wa kulia ukiingia.

Mzee_wa_Zamu

Jumamosi hii saa nane, ukumbi wa vijana. Nitakupitia getini.